Namna ya kuandika maisha ya mkurugenzi wa kampuni aliyeingia serikalini akawa lodi wa Uingereza

Chukua sentensi hii: "Lord Frederick Woolton alikuwa mwanasiasa wa chama cha Conservative aliyeanzisha mgawo wa chakula Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili." Inasomeka vizuri, na ina makosa matatu. Kwanza, hakuwa Lord Frederick, na kwa kanuni za vyeo vya Uingereza hawezi kuwa. Pili, alipokabidhiwa Wizara ya Chakula Aprili 1940 hakuwa mtu wa chama chochote. Alijiunga na Conservative mwaka 1945, baada ya chama hicho kushindwa uchaguzi. Tatu, mgawo wa nyama ya nguruwe, siagi na sukari ulianza tarehe 8 Januari 1940, miezi mitatu kabla hajaingia wizarani.

Makosa ya aina hii hayatokani na uvivu. Maisha ya watu hawa yana vipande vitatu, yaani biashara, ofisi ya umma na cheo, na cheo cha mwisho kina tabia ya kurudi nyuma na kufunika kila kitu. Mwandishi anaanza na "Lord", na ghafla kijana aliyefundisha hisabati Burnley naye amekuwa Lord. Mwongozo huu ni kwa anayeandika wasifu wa Kiswahili wa mtu kama huyo, uwe wa kurasa mbili au ishirini. Mfano wetu mkuu ni huyohuyo Woolton, kwa sababu maisha yake yana karibu kila mtego. Wengine tutawaita pale wanapohitajika.

Anza na tarehe, hata kabla ya sentensi ya kwanza

Chora safu tatu kwenye karatasi: kazi ya kampuni, kazi ya umma, vyeo vya heshima. Kila tukio liingie safu yake pamoja na mwaka, na mwezi ukiujua. Kwa Woolton karatasi inakuwa hivi.

Anazaliwa Salford tarehe 23 Agosti 1883 kwa jina Frederick James Marquis. Anasoma Manchester. Anakwenda Liverpool kusimamia kituo cha vijana na hosteli katika mtaa wa watu maskini wa bandarini, kituo kilichojengwa kwa fedha alizoacha David Lewis, mwanzilishi wa maduka ya Lewis's. Vita vya kwanza vinapokuja, afya yake haimruhusu kuwa askari. Anafanya kazi upande wa serikali kwenye ngozi na viatu vya jeshi. Mwaka 1920 anaingia Lewis's, 1928 anakuwa mkurugenzi, 1936 mwenyekiti. Safu ya tatu: 1935 anapewa cheo cha Sir, 1939 ubaroni, yaani ngazi ya chini ya ulodi, 1953 anapandishwa kuwa vaikaunti, 1956 anakuwa Earl, ngazi ya juu zaidi. Safu ya katikati: 1939 anasimamia mavazi na vifaa vya jeshi katika Wizara ya Ugavi, Aprili 1940 hadi Novemba 1943 ni Waziri wa Chakula, kisha Waziri wa Ujenzi Mpya hadi 1945, kisha anarudi serikalini 1951 hadi 1955. Anafariki tarehe 14 Desemba 1964.

Ukishaweka safu hizo ubavu kwa ubavu, mambo mawili yanajitokeza yenyewe. La kwanza, aliteuliwa Waziri wa Chakula na Neville Chamberlain. Churchill alishika uwaziri mkuu tarehe 10 Mei 1940 na kumkuta mezani. Waandishi wengi humpa Churchill uteuzi huu kwa sababu tu vita na Churchill vimegandana kichwani. La pili, ulodi wake ulitangulia uwaziri. Huyu hakupewa cheo ili aweze kuwa waziri.

Hilo la pili ni muhimu kwa sababu linakupa mpangilio wa makala yako. Wapo waliopata ulodi kabla ya ofisi, kama yeye. Wapo waliopewa ulodi ili wapate kiti bungeni na hivyo wawe mawaziri: Paul Deighton wa benki ya Goldman Sachs, aliyeendesha kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya London 2012, Ian Livingston, aliyekuwa mtendaji mkuu wa kampuni ya simu ya BT, James Timpson wa maduka ya kutengeneza viatu na kuchonga funguo, aliyekabidhiwa magereza Julai 2024. Na wapo waliopewa baada ya kazi, kama Richard Beeching wa kampuni ya kemikali ya ICI, aliyeongoza reli za Uingereza tangu 1961 na kupewa ulodi 1965. Kundi la katikati haliandikwi kama kundi la mwisho. Kwa Beeching cheo ni shukrani. Kwa Timpson ni mlango wa kuingilia kazini.

Msomaji wa Tanzania ataelewa mlango huo mara moja ukimkumbusha kwamba Katiba ya 1977 inamtaka waziri awe mbunge na inampa Rais nafasi zisizozidi 10 za kuteua wabunge. Mtu wa nje ya siasa huingia Baraza la Mawaziri kwa njia hiyo. Msomaji wa Kenya anahitaji sentensi moja zaidi, kwa kuwa chini ya Katiba ya 2010 waziri wake hatakiwi kuwa mbunge.

Jina: sehemu inayoharibika kuliko zote

Kanuni ni fupi. Aliyepewa cheo cha Sir huitwa kwa jina la kwanza: Sir Frederick, au Sir Frederick Marquis. "Sir Marquis" ni kosa. Aliyepewa ubaroni, uvaikaunti au uearl huitwa Lord pamoja na jina la cheo: Lord Woolton. Ukitia jina la kwanza katikati, "Lord Frederick", umemgeuza kuwa mtoto wa kiume wa duke au wa markwisi (ngazi mbili za juu kabisa za ulodi), maana hao ndio huitwa hivyo kwa adabu tu, bila kuwa malodi wenyewe.

Kwa hiyo mtu mmoja ana majina matatu ndani ya makala, na kila moja lina muda wake. Hadi 1935 andika Marquis. Kati ya 1935 na 1939 andika Sir Frederick. Kuanzia 1939 andika Woolton. Kupanda kwake hadi vaikaunti na Earl hakubadilishi jinsi anavyoitwa katika maelezo. Bado ni Lord Woolton. Weka sentensi moja ya kumwandaa msomaji pale jina linapobadilika, kisha usirudi nyuma. Ukiandika "Lord Woolton alijiunga na Lewis's 1920" umempa cheo miaka 19 kabla ya wakati.

Kwa nini Woolton na si Marquis? Kwa sababu "Lord Marquis" ingesikika kama vyeo viwili vimegongana: baroni anayeitwa markwisi. Woolton ni kitongoji cha Liverpool. Jambo hili litaje mapema, kwani msomaji atakayekutana na jina Marquis bila maelezo atadhani ni cheo.

Kisha kuna mkato. Angalia "Baroni Beeching, wa East Grinstead". Maneno baada ya mkato ni anwani ya heshima, hayamo ndani ya cheo. Yeye ni Lord Beeching basi. Lakini Mervyn Davies, mwenyekiti wa zamani wa benki ya Standard Chartered aliyekuwa waziri wa biashara 2009 hadi 2010, ni Lord Davies of Abersoch, na hapo "of Abersoch" ni sehemu ya jina kamili. Sababu ni kwamba Lord Davies wako wengi, na lazima watofautishwe. Livingston naye ni Lord Livingston of Parkhead. Usiyatafsiri maneno hayo kuwa "wa Abersoch" ndani ya jina, la sivyo msomaji atadhani unaeleza anakotoka.

Ulodi wenyewe uueleze kwa sentensi mbili, si aya tatu

Neno "kabaila" tunaliepuka, na "bwanyenye" zaidi. Maneno hayo yalitujia na mzigo wa mashamba na unyonyaji, na mtu kama Timpson, mwenye maduka ya viatu aliyepewa kiti asichoweza kumwachia mtoto, hayamkai. Lodi, malodi, ulodi: yanatosha. Baraza lao liite Baraza la Malodi. Lile la wabunge wa kuchaguliwa liite hivyohivyo, baraza la wabunge wa kuchaguliwa. Ukiliita Baraza la Wawakilishi, Mzanzibari ataona jengo la Chukwani.

Tofauti moja lazima iwemo: lodi wa kurithi na lodi wa maisha. Sheria ya 1958 ndiyo iliyofungua njia ya kuteua malodi wa maisha kwa wingi, wanaume na wanawake. Kabla ya hapo mfanyabiashara aliyepewa ubaroni alipewa wa kurithi, ndiyo maana cheo cha Woolton kilikwenda kwa mwanawe na cha Beeching kilikufa naye Machi 1985. Sheria ya 1999 iliwatoa malodi wa kurithi barazani isipokuwa 92. Ukishasema hayo, endelea na safari. Makala nyingi huzama hapa kwenye historia ya makabaila tangu enzi za Wanormani na mhusika anasahaulika.

Tahadhari ya tarehe: uteuzi wa lodi una siku tatu tofauti, yaani siku ya kutangazwa, siku ya hati ya kifalme, na siku ya kuingizwa barazani na kuapa. Deighton alitangazwa Septemba 2012, hati ikatoka Novemba 2012, na kazi yake Wizara ya Fedha ikaanza Januari 2013. Vyanzo viwili vikipishana, kwa kawaida kila kimoja kinasema kweli kuhusu siku yake. Tumia tarehe ya hati, na useme hivyo.

Vyeo vya serikali ambavyo Kiswahili kinavipotosha

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu maneno yetu tayari yana kazi nyingine nyumbani.

"Secretary of State" si katibu. Ni waziri kamili mwenye wizara na kiti katika Baraza la Mawaziri. Katibu Mkuu wa wizara, kama tunavyomjua sisi, ni mtumishi wa kudumu asiye mwanasiasa, na Uingereza wanaye pia.

"Minister of State" ukimwita Waziri wa Nchi, Mtanzania atamweka kwenye Ofisi ya Rais au ya Waziri Mkuu, waziri kamili. Kwa Waingereza huyu yuko chini ya waziri wa wizara, karibu na naibu waziri wetu. Digby Jones, aliyetoka kuongoza shirikisho la waajiri wa Uingereza, alikuwa ngazi hiyo kuanzia Julai 2007 hadi Oktoba 2008, na alikataa kujiunga na chama cha Labour kilichomteua. Andika "waziri wa ngazi ya pili" mara ya kwanza, kisha endelea na "waziri".

"Lord President of the Council", nafasi aliyoishika Woolton 1951 hadi 1952, haina urais ndani yake. Ni kiongozi wa Baraza la Faragha la mfalme, na kwa vitendo ni waziri wa kupewa majukumu mbalimbali. Vilevile "Chancellor wa Duchy ya Lancaster", aliyoishika 1952 hadi 1955, haimfanyi mtawala wa Lancaster wala waziri wa fedha. Ni kiti cha waziri asiye na wizara kubwa.

Halafu mwenyekiti wa chama. Woolton alikuwa mwenyekiti wa Conservative kuanzia 1946 hadi 1955. Kwa msomaji aliyelelewa na siasa za CCM, mwenyekiti ndiye kinara, na mara nyingi ndiye Rais. Atajiuliza Churchill alikuwa wapi. Kwa hiyo fafanua palepale: kiongozi wa chama alikuwa Churchill, mwenyekiti alisimamia uendeshaji, wanachama, fedha na ofisi za majimbo. Kimajukumu anakaribia katibu mkuu wa chama kwetu. Ukikosa sentensi hiyo, aya nzima inayofuata itasomwa vibaya.

Na "mtumishi wa umma"? Tanzania neno hilo ni la mwajiriwa wa serikali, na waziri ni kiongozi wa umma. Beeching akiwa mwenyekiti wa bodi ya reli alikuwa mkuu wa shirika la umma, kama vile mkuu wa TRC. Hakuwa waziri hata siku moja. Woolton alikuwa kiongozi. Chagua neno kwa kila mtu.

Miaka ya biashara: uliza alikuta nini, akaacha nini

Kwanza, hakikisha kampuni ni ile yenyewe. Lewis's ya Liverpool, iliyoanzishwa 1856 na kufunga duka lake la Liverpool 2010, haihusiani na John Lewis. Alama ile ya mwisho, 's, ndiyo inayotenganisha makampuni mawili.

Pili, tofautisha mwenyekiti wa bodi, mtendaji mkuu, na mkurugenzi asiye mtendaji. Mtu anaweza kuwa na viti vya ukurugenzi kumi na asiwe ameendesha kampuni hata moja. Anayehudhuria vikao vichache kwa mwaka "hakuongoza" kampuni.

Tatu, usimpe mtu mmoja faida ya kampuni nzima. Tafuta taarifa ya mwaka kabla hajafika, ya mwaka alipofika, na ya mwaka alipoondoka. Zikikosekana, sema alichofanya, usiseme kampuni "ilistawi chini yake".

Nne, tafuta kitendo alichokifanya akiwa bado mfanyabiashara ambacho tayari kinanusa siasa. Machi 1938, Ujerumani ilipoimeza Austria, Sir Frederick alitangaza kwamba maduka yake yanasusia bidhaa za Kijerumani. Serikali ya wakati huo, iliyokuwa ikitafuta maelewano na Hitler, haikufurahia na alikemewa. Tukio hilo moja linaeleza tabia yake kuliko orodha ya bodi zote alizokaa.

Tano, mali. Anapoingia serikalini hisa zake zinakwenda wapi? Ernest Marples, waziri wa uchukuzi aliyemleta Beeching kwenye reli, alikuwa mwasisi wa kampuni ya ujenzi iliyojenga barabara, na hisa zake zilimlazimu kujieleza bungeni Januari 1960. Naye aliishia kuwa lodi, 1974. Jambo la aina hii liwekwe kwa tarehe na kwa maneno makavu. Msomaji ana akili ya kuona mgongano wa maslahi bila kivumishi chako.

Kazi ya umma: onyesha alichobeba kutoka dukani

Hapa ndipo makala inapopata uhai. Usiseme "alitumia uzoefu wake wa biashara". Onyesha kwa kifaa kimoja, karibu kabisa na macho.

Kwa Woolton kifaa hicho ni pointi. Mgawo wa kawaida ulifanya kazi hivi: unajiandikisha kwa muuza duka mmoja, na kila wiki unapata kiasi chako kilichopangwa. Unafaa kwa sukari, kwani kila mtu anatumia sukari. Haufai kwa samaki wa kopo, kwani hakuna makopo ya kumtosha kila mtu. Kuanzia tarehe 1 Desemba 1941 kila mtu alipewa pointi, mwanzoni 16 kwa wiki nne, za kutumia duka lolote kwa nyama ya kopo, samaki wa kopo na maharage, juu ya bei ya fedha. Baadaye vyakula vingine viliongezwa. Wizara ndiyo iliyopanga kila bidhaa inagharimu pointi ngapi. Bidhaa ikigombaniwa, pointi zinapanda. Ikidoda rafuni, pointi zinashuka. Mwenye duka yeyote wa Kariakoo anaijua hesabu hiyo, ila yeye anaifanya kwa bei.

Sasa pima sifa yake kwa haki. Wajerumani walishatumia mfumo wa pointi, na nguo za Uingereza zilikuwa kwenye pointi tangu Juni 1941 chini ya wizara nyingine. Woolton hakuuvumbua. Alichofanya ni kuukubali, kuuuza kwa wananchi, na kuuendesha kama mtu anayejua rafu. Andika hivyo.

Kanuni hiyohiyo kwa kosa la upande wa pili. Beeching analaumiwa kwa kila stesheni iliyofungwa. Ripoti yake ya Machi 1963 ilipendekeza kufunga stesheni 2,363. Lakini reli zilianza kufungwa kabla yake, na baada yake kila ufungaji ulihitaji idhini ya waziri. Mawaziri wa Labour walioingia 1964 waliendelea kuidhinisha. Tenganisha kitenzi "alipendekeza" na kitenzi "aliamua" katika kila sentensi. Mshahara wake wa pauni 24,000 kwa mwaka ulizua kelele kubwa, nao ulikuwa ndio uleule aliokuwa akipata ICI. Usitaje nusu moja bila nyingine.

Epuka pia kumrundikia mhusika kazi za majirani zake. Kampeni ya kulima mboga kila penye udongo ilikuwa ya Wizara ya Kilimo. Mkate haukuwekwa kwenye mgawo wakati wote wa vita. Uliwekwa Julai 1946 hadi Julai 1948, Woolton akiwa upinzani. Na kwa msomaji wa Tanzania kuna moja la nyumbani: mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ulidhaminiwa na Wizara ya Chakula hiyohiyo, lakini waziri alikuwa John Strachey wa Labour, na wazo lililetwa 1946 na Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company iliyokuwa tanzu ya Unilever. Woolton alishaondoka wizarani tangu Novemba 1943. Ukikuta mahali ametajwa na karanga zetu, ondoa.

Mahali pa kutafuta, na namna kila chanzo kinavyodanganya

Gazeti rasmi la serikali, The London Gazette, linapatikana bure mtandaoni na ndilo lenye tarehe za hati na maneno kamili ya cheo. Halidanganyi, ila halielezi sababu.

Kumbukumbu za mijadala ya bunge, Hansard, nazo ni bure. Kosa la kawaida ni kutafuta hotuba za waziri lodi kwenye baraza la wabunge wa kuchaguliwa, kukosa, na kuhitimisha kwamba alikuwa kimya. Lodi hazungumzi huko. Kwa Wizara ya Chakula, majibu kule yalitolewa na makatibu wake wa bunge, wakiwemo Robert Boothby na Gwilym Lloyd George. Tafuta jina la waziri kwa malodi, na jina la msaidizi wake upande wa pili.

Kwa mtu wa karibuni, daftari la maslahi la Baraza la Malodi linaonyesha hisa na ukurugenzi, na msajili wa makampuni, Companies House, anaonyesha bure tarehe za kuingia na kutoka kwenye bodi. Linganisha viwili hivyo. Angalia pia kama anapokea mshahara: malodi wengi hawana, hulipwa posho ya siku wanapohudhuria.

Karatasi binafsi za Woolton ziko maktaba ya Bodleian, Oxford. Za wizara ziko Hifadhi ya Taifa, Kew. Kumbukumbu alizoziandika mwenyewe zilitoka 1959. Zina thamani, lakini mtu akijisimulia baada ya miaka 20 hupanga mambo. Alisimulia kwamba akiwa kijana Liverpool, mwanamke jirani yake alikufa kwa njaa, na jambo hilo halikumtoka. Litumie, na liache na kichwa chake: "kwa maelezo yake mwenyewe". Kamusi za watu mashuhuri ambazo mhusika hujaza fomu yake pia ni ushahidi wa yale anayotaka tuyajue.

Vipimo na fedha

Kiswahili kina maneno ya vipimo hivi na inafaa kuyatumia. Wakia ni gramu 28, ratili ni gramu 454. Mgawo wa kwanza wa Januari 1940, kwa mtu kwa wiki: siagi wakia 4 (gramu 113), nyama ya nguruwe wakia 4, sukari wakia 12 (gramu 340). Majani ya chai yalifuata Julai, wakia 2. Weka kipimo cha asili kwanza, kisha gramu zilizokadiriwa. Ukiandika gramu 113.4 unajidai usahihi ambao mwenye duka hakuwa nao. Painti ya Uingereza ni mililita 568. Mpango wa maziwa wa Julai 1940 uliwapa wajawazito na watoto chini ya miaka 5 painti moja kwa siku kwa peni 2, na bure kwa fukara.

Kabla ya 1971 pauni ilikuwa shilingi 20, na shilingi peni 12. Shilingi ya Afrika Mashariki ya enzi ya ukoloni nayo ilikwenda 20 kwa pauni, ila iligawanywa kwa senti 100. Msomaji mwenye umri ataikumbuka; itumie kama daraja. Usibadilishe pauni za 1961 kuwa shilingi za leo. Linganisha na mshahara wa mtu mwingine wa wakati uleule.

Ukitaja chakula kilichobeba jina lake, toa kipimo. Pai ya Woolton, ambayo mapishi yake yalichapishwa magazetini 1941, ni ratili moja moja ya viazi, koliflawa, karoti na aina ya tanipu ya manjano, vyote vipande vidogo. Vitunguu vya majani vitatu au vinne. Kijiko cha chai cha kiungo cha mboga na kijiko cha mezani cha oti (oats) zilizosagwa. Maji ya kufunika tu, dakika 10, huku ukikoroga kwa kuwa oti hushika chini. Ipoe, inyunyizwe kotimiri, ifunikwe kwa viazi vilivyopondwa au unga usiokobolewa, iokwe hadi iwe kahawia. Aliyeitunga ni mpishi wa Hoteli ya Savoy, François Latry, na jina lake linastahili kuwepo karibu na la lodi.

Aya ya kwanza na ya mwisho

Aya ya kwanza iwe na jina kamili la kuzaliwa, cheo cha mwisho, miaka, na kazi mbili tu. Kwa mfano: "Frederick Marquis, Earl wa 1 wa Woolton (1883–1964), alikuwa mkuu wa maduka ya Lewis's aliyesimamia chakula cha Waingereza kuanzia 1940 hadi 1943." Vyeo vingine vitafika kwa zamu yao.

Aya ya mwisho ndiyo inayovuta watu kuandika orodha ya nishani. Orodha hiyo iweke pembeni na umalizie kwenye kazi. Kwa Woolton karatasi yako ya safu tatu inakupa tarehe yenyewe: 4 Julai 1954, siku mgawo wa mwisho, wa nyama, ulipofutwa. Miaka 14 baada ya kukabidhiwa vitabu vile vya kuponi, alikuwa tena kwenye meza ya Baraza la Mawaziri lililovifuta.